Tiba ya nyayo: Mzazi ajue inachoweza na isichoweza

Picha ya nyayo mbili zilizopakwa rangi mbalimbali si ngeni tena kwenye kuta za saluni, vituo vya masaji na mabanda ya tiba mbadala mijini. Kidole gumba kimeandikwa "kichwa", chini ya vidole "mapafu", katikati "figo", kisigino "nyonga". Mteja anaketi, anavua viatu, na mtoa huduma anaanza kubonyeza. Akiguna mahali fulani kwa maumivu, anaambiwa kuwa kiungo kinachohusika na sehemu hiyo kina tatizo.

Huduma hiyo inaitwa refleksolojia, ingawa wengi wanaijua kama tiba ya nyayo au masaji ya miguu. Siku hizi imeingia hadi ndani ya familia. Mjamzito aliyevimba miguu anashauriwa akajaribu. Bibi mwenye kisukari anapelekwa na wajukuu. Mtoto mchanga anayelia usiku kucha anakandwa nyayo kwa kufuata video ya kwenye simu.

Je, inasaidia? Yapo mambo inayosaidia, na yapo ambayo haiwezi kabisa. Mzazi akiyachanganya, anaweza kudhani anampa mtu wake nafuu kumbe anamchelewesha kufika hospitali.

Refleksolojia ni nini?

Ni uchuaji wa nyayo, na mara nyingine viganja au masikio, kwa kubonyeza sehemu maalumu kwa kidole gumba na vidole vingine. Inatofautiana na masaji ya kawaida kwa sababu ya ramani yake. Wanaoitumia wanaamini kwamba kila sehemu ya unyayo inawakilisha kiungo fulani cha mwili, na kwamba kuibonyeza kunakisaidia kiungo hicho.

Katika ramani hiyo, unyayo wa kulia unawakilisha upande wa kulia wa mwili na wa kushoto upande wa kushoto. Vidole ni kichwa na shingo. Sehemu iliyotuna chini ya vidole ni kifua, yaani moyo na mapafu. Sehemu iliyobonyea katikati ni tumbo na viungo vyake. Kisigino ni nyonga na sehemu za chini. Ukingo wa ndani wa unyayo, kuanzia kidole gumba hadi kisigino, ni uti wa mgongo. Ini linawekwa kwenye unyayo wa kulia, moyo hasa kwenye wa kushoto.

Mara nyingi huduma moja huchukua kati ya dakika 30 na saa moja. Mteja havui nguo, ila viatu na soksi tu. Hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya wengi wenye haya, hasa wazee, kuikubali kuliko masaji ya mwili mzima.

Ilitoka wapi?

Kukanda miguu ni jambo la kale, na kila jamii ina namna yake. Hata hapa kwetu, kumkanda mzazi baada ya kujifungua au kumchua mzee miguu kwa mafuta ya nazi si jambo la kufundishwa na wageni.

Watangazaji wa refleksolojia hupenda kutaja mchoro ulio katika kaburi la Ankhmahor huko Saqqara, Misri, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Mchoro huo unaonyesha watu wakishikwa mikono na miguu. Hata hivyo, hauonyeshi ramani yoyote ya viungo, na wapo wanaoona kuwa ni watu wanaosafishwa kucha tu.

Ramani inayotundikwa ukutani leo haina umri mkubwa hivyo. Mwanzo wake ni Marekani. Daktari wa masikio, pua na koo, William Fitzgerald, aliugawa mwili katika kanda 10 zinazoshuka kutoka kichwani hadi vidoleni, akadai kwamba kubonyeza sehemu moja ya kanda kunapunguza maumivu katika sehemu nyingine ya kanda hiyohiyo. Mwaka 1917 yeye na Edwin Bowers walichapisha kitabu kuhusu nadharia hiyo.

Katika miaka ya 1930, Mmarekani mwingine, Eunice Ingham, aliyekuwa akifanya kazi ya tiba ya viungo, aliielekeza nadharia hiyo kwenye nyayo na kuchora ramani ya viungo vyote. Kitabu chake kilitoka mwaka 1938, naye akazunguka kufundisha kwa miaka mingi. Ramani nyingi zinazouzwa leo zimetokana na kazi yake, ingawa hazifanani zote. Ukiweka mbili kutoka shule tofauti, unaweza kukuta kiungo kilekile kimewekwa mahali tofauti.

Utafiti unasema nini?

Hapa kuna maswali mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza: je, unyayo unaweza kuonyesha ugonjwa ulio ndani ya mwili?

Jibu ni hapana. Hakuna njia ya neva iliyothibitishwa inayounganisha sehemu moja ya unyayo na figo, nyingine na ini, na nyingine na kongosho kama ramani inavyodai. Unyayo una mifupa 26, misuli, kano na neva nyingi, na unaweza kuuma kwa sababu zake wenyewe: viatu vinavyobana, kusimama kutwa nzima, uzito, au kano iliyochoka. Mtu anayeuza dukani au kufundisha darasani akibonyezwa katikati ya unyayo ataguna, hata kama figo zake ni nzima.

Swali la pili: je, kukandwa nyayo kunatibu ugonjwa? Mwaka 2009 Profesa Edzard Ernst wa Exeter, Uingereza, alikusanya majaribio 18 ambayo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa refleksolojia na wengine wasipewe. Hitimisho lake lilikuwa kwamba ushahidi uliokuwapo haukuthibitisha kuwa refleksolojia ni tiba ya ugonjwa wowote. Mwaka 2011 yeye na wenzake walirudia kazi hiyo, safari hii wakiwa na majaribio 23. Hitimisho halikubadilika.

Lakini kutotibu ugonjwa si sawa na kutosaidia kitu. Wapo watu wengi wanaosema wanajisikia wepesi, wanalala vizuri na wasiwasi unapungua baada ya kukandwa. Mguso wa taratibu, kukaa kimya na kuhudumiwa huutuliza mwili. Faida hiyo ni ya kweli, ila haihitaji ramani ili ipatikane.

Utafiti mmoja unawahusu zaidi wanafamilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, wakiongozwa na Gwen Wyatt, waliwashirikisha wanawake 256 waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti iliyosambaa. Jamaa au marafiki wa kundi moja la wanawake hao walifundishwa kuwakanda nyayo nyumbani kwa muda wa dakika 30, mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa waliokandwa walipungukiwa na ukali wa dalili zao kuliko wenzao ambao hawakukandwa.

Zingatia mambo mawili katika utafiti huo. Wanawake wale hawakuacha matibabu ya saratani. Kukandwa kulikuwa juu ya dawa zao. Pia, mikono iliyowakanda ilikuwa ya ndugu na marafiki zao, siyo ya wataalamu wa kulipwa.

Saidizi, siyo mbadala

Maneno mawili huchanganywa sana: tiba mbadala na tiba saidizi. Tiba mbadala inachukua nafasi ya matibabu ya hospitali. Tiba saidizi inakwenda pamoja nayo, kwa lengo la kumpunguzia mgonjwa maumivu, uchovu au hofu.

Refleksolojia ikitumiwa kama tiba saidizi, kwa mtu ambaye hali yake inajulikana na anaendelea na dawa zake, haina madhara makubwa kwa walio wengi. Ikifanywa mbadala, hatari inaanza. Mwenye shinikizo la damu anayeacha vidonge kwa sababu "amefunguliwa mishipa" anaweza kupata kiharusi. Mwenye kisukari anayeacha insulini anaweza kufariki dunia. Hivyo hivyo kwa mwenye kifua kikuu, kifafa au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Hakuna sehemu ya unyayo inayofanya kazi ya dawa hizo.

Miguu isiyofaa kukandwa

Ipo miguu ambayo haitakiwi kuguswa kabla ya kuonwa na daktari.

Mguu mmoja uliovimba ghafla. Ukiwa na joto, umebadilika rangi au unauma kwenye misuli ya nyuma chini ya goti, huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa. Kuuchua kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Mpeleke mgonjwa hospitali bila kuchelewa, hasa kama amejifungua karibuni, amefanyiwa upasuaji au amelala kitandani muda mrefu.

Miguu ya mjamzito iliyovimba pamoja na dalili nyingine. Kuvimba kidogo jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi. Ila uvimbe wa ghafla wa uso na mikono, maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe au maumivu ya juu ya tumbo ni dalili za hatari baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Huenda ni shinikizo la damu la ujauzito linaloelekea kwenye kifafa cha mimba. Huyo anahitaji kupimwa shinikizo la damu na mkojo siku hiyohiyo.

Miguu ya mwenye kisukari. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Mgonjwa anaweza kubonyezwa hadi akachubuka, au kuwekwa kwenye maji ya moto yakamuunguza, asihisi. Kidonda kidogo kwake kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Muulize daktari kwanza, na akiruhusu, iwe kupapasa kwa mafuta kidogo tu, bila kubonyeza kwa nguvu na bila maji ya moto.

Mguu wenye kidonda, usaha, mvunjiko, mteguko mpya au fangasi. Uache upone kwanza.

Kwa watoto

Kilio cha mtoto mchanga kinawachosha wazazi kuliko jambo lolote. Kuna watoto wenye afya nzuri wanaolia zaidi ya saa tatu kwa siku, siku tatu au zaidi kwa wiki, bila sababu inayoonekana. Watu hukiita chango au gesi. Kilio hicho huongezeka hadi kufikia kilele mtoto akiwa na wiki sita hivi, kisha hupungua chenyewe anapofikisha miezi mitatu au minne. Mara nyingi lolote linalofanywa wakati huo hupewa sifa ya kumponya mtoto, hata kama ni umri tu umefika.

Kumpapasa mtoto miguu kwa kiganja chenye joto hakuna ubaya. Humtuliza, na humtuliza mzazi pia. Lakini usimbonyeze kwa kidole gumba kama mtu mzima. Mifupa ya unyayo wake bado ni laini.

Zipo dalili ambazo hazisubiri mkono wa mtu yeyote: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, degedege, kulegea au kutoamka, kupumua kwa shida. Mtoto mwenye mojawapo ya dalili hizo anapelekwa kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku. Pia, mahali penye malaria, mtoto mwenye homa apimwe na kuanza dawa ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Siku mbili zilizotumika kumkanda ni siku mbili ambazo malaria imepata nafasi ya kuwa kali.

Namna ya kukanda nyumbani

Baada ya tahadhari hizo, kukandana miguu bado ni jambo jema katika familia. Halina gharama, na humpa mzee au mama aliyechoka dakika chache za kuhudumiwa. Fuata hatua hizi.

1. Mketishe anayekandwa mahali anapoweza kuegemea, miguu ikiwa juu ya kigoda au mapajani mwako. Kata kucha zako.

2. Ioshe miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Pima joto la maji kwa kiwiko chako, usimtegemee yeye akwambie. Ikaushe vizuri, hasa katikati ya vidole.

3. Itazame kabla ya kuikanda. Angalia magaga, malengelenge, sugu, fangasi katikati ya vidole, michubuko, na kama mguu mmoja umevimba kuliko mwingine. Kwa mzee mwenye kisukari, ukaguzi huu ufanywe kila siku, hata siku ambazo hakandwi.

4. Paka mafuta kidogo mikononi mwako, ya nazi au yoyote anayoyazoea. Shika mguu kwa mikono yote miwili, papasa kutoka vidoleni kuelekea kwenye kifundo, taratibu, kwa dakika moja au mbili.

5. Tumia kidole gumba kuzungusha polepole kwenye unyayo: anza na kisigino, panda katikati, malizia chini ya vidole. Katikati ya unyayo bonyeza kwa wepesi kuliko kwenye kisigino. Kisha shika kidole kimoja kimoja, ukizungushe na kukivuta kidogo.

6. Tazama uso wake. Akikunja uso au akivuta mguu, punguza nguvu. Maumivu si dalili kwamba tiba inafanya kazi.

7. Dakika 10 kwa kila mguu zinatosha kwa mtu mzima, na tano kwa mtoto wa umri wa shule anayependa kukandwa.

8. Ukimaliza, yafute mafuta yote kwenye nyayo kabla hajasimama. Wazee wengi huanguka kwa kuteleza kwenye vigae.

Hutahitaji kukariri figo iko wapi. Kama kuna jambo la kuzungumza, ndio muda wake. Mzee ambaye hasemi kitu mezani huweza kusema anapokandwa kwamba ganzi imefika hadi kwenye kifundo, au kwamba vidonge vimeisha tangu wiki iliyopita.

Ukienda kwa mtoa huduma

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili watoa huduma na vituo vyao. Una haki ya kuuliza cheti cha usajili kabla ya kuvua viatu. Usajili unaonyesha kwamba mtu anatambulika kisheria. Hauthibitishi kila anachodai.

Mtoa huduma mzuri atakuuliza kwanza kuhusu afya yako: una ujauzito, kisukari, shinikizo la damu, umefanyiwa upasuaji, unatumia dawa gani. Atanawa mikono, atatumia taulo safi kwa kila mteja, na atakwambia kwamba huduma yake ni ya kukupumzisha.

Ondoka ukisikia au kuona mojawapo ya haya:

Anakutajia ugonjwa baada ya kubonyeza unyayo. Ugonjwa wa ini, figo au kisukari hujulikana kwa vipimo vya maabara. Ukiingiwa na wasiwasi, nenda kapime hospitali. Usinunue dawa kwa majibu ya kidole gumba.

Anakwambia uache au upunguze dawa za hospitali.

Anakuuzia furushi la virutubisho mara tu baada ya kukutajia ugonjwa.

Anakuwekea miguu kwenye beseni lenye umeme na maji yanageuka kahawia, kisha anadai hiyo ni sumu iliyotoka mwilini. Rangi hiyo hutokana na vyuma vya kifaa chenyewe kuoza kwenye maji yenye chumvi. Maji hubadilika hata kama hakuna mguu ndani.

Anaahidi kuponya saratani, ugumba, kiharusi au kisukari.

Kabla ya kulipia

Mzazi anayepanga kumpeleka mtu wake kwenye tiba ya nyayo ajiulize: je, tatizo hili limeshaonwa na daktari, na dawa zinaendelea? Kama jibu ni ndiyo, na mguu hauna tatizo kati ya yaliyotajwa hapo juu, kukandwa kunaweza kumpa wepesi na usingizi mzuri. Kama jibu ni hapana, fedha hiyo itangulie kwenye nauli ya hospitali na gharama za vipimo. Miguu itakandwa akirudi.